Kadi nne mfukoni, nauli ya kurudi sina

Na Mwandishi Maalumu, Kigali

ILIKUWA Jumamosi, saa tisa alasiri, Januari 2018. Nilikuwa nimesimama ndani ya duka moja la jumla katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Mbele yangu zilipangwa katoni za viatu vya shule na mabegi ya wanafunzi, zimefungwa kamba na kuandikwa jina langu kwa wino mzito. Nje, kijana wa mkokoteni alikuwa ananiita kila baada ya dakika mbili. Lori la kuelekea Rusumo lilikuwa linaondoka jioni ile, na nafasi yangu nilikwisha kuilipia.

Bei tulikwisha kuelewana: Sh 4,600,000 za Tanzania. Nikafungua pochi na kutoa kadi yangu ya benki. Mwenye duka akaichomeka kwenye mashine, nikabonyeza namba ya siri, tukasubiri. Mashine ikalia, ikatoa kikaratasi. Malipo yamekataliwa. Tukarudia. Yamekataliwa.

Sikushtuka. Nilikuwa na kadi nne, na kusema kweli nilikuwa najivunia. Nikatoa ya pili, nikaenda nayo kwenye mashine ya kutolea fedha mtaa wa pili. Nikaweka namba ya siri, ikakataa. Nikaweka nyingine, ikakataa. Ya tatu nilipoiweka, mashine ikaimeza kadi na kuniandikia niwasiliane na benki yangu. Nikachomoa kadi ya tatu, ile ya akaunti yangu ya Tanzania. Mashine ikaitema papo hapo. Nilipoigeuza nikasoma tarehe: muda wake ulikwisha Desemba, wiki tatu zilizopita.

Nikarudi dukani nikitokwa na jasho. Mwenye duka, kwa huruma, akasema nilipe walau milioni moja ya awali anitunzie mzigo. Kadi ya nne ilikuwa ya dola, nami nilijua ndani yake kuna dola 450. Kwa bei ya wakati ule, dola ikiwa kama Sh 2,250, nilipiga hesabu kichwani nikaona zinatosha, tena zinabaki. Mashine ikasema salio halitoshi.

"Dada," yule bwana akaniambia taratibu, "hizo zako naona ni plastiki tu. Mimi nasubiri pesa iingie."

Mkononi nilikuwa na Sh 7,000. Lori liliondoka bila mzigo wangu.

Ndugu msomaji, nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu wiki iliyopita, kwenye foleni ya uhamiaji pale Rusumo, nilimwona binti mmoja mfanyabiashara akifungua pochi yake. Nilihesabu kadi sita. Nikamuuliza kama anajua kila moja inafanya kazi gani. Akacheka, akasema, "Mama, nyingine hata namba zake nimesahau." Nikaona niandike.

Pesa haikuwa yangu

Laiti fedha ile ingekuwa yangu peke yangu, nisingekuwa na sababu ya kuisimulia leo. Lakini fedha ile ilikuwa ya akina mama 12 wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Nyamirambo, ambacho sisi tunakiita ikimina. Kila mmoja alitoa faranga 150,000. Jumla ni faranga 1,800,000. Walinikabidhi mimi kwa kuwa nimekulia Tanzania, najua Kiswahili cha Kariakoo na najua bei. Nami niliziweka zote kwenye akaunti yangu, nyuma ya kadi moja, nikapanda basi.

Wakati huo mwaka wa shule hapa Rwanda ulikuwa bado unaanza Januari. Siku hizi unaanza Septemba. Kwa hiyo viatu na mabegi yale yalikuwa na wiki yake ya kuuzwa. Ikipita wiki hiyo, mzazi amekwisha nunua, na wewe unabaki na stoo iliyojaa.

Usiku ule nililala kwa binamu yangu Mbagala, kwa nauli aliyonitumia yeye. Nilipoirudisha laini yangu ya Rwanda kwenye simu, ndipo ujumbe ukaanza kumiminika. Benki yangu ilikuwa imeona kadi inatumika Dar es Salaam kwa kiasi kikubwa, ikaizuia na kuniuliza kama ni mimi. Iliuliza mara mbili. Mimi laini ile niliichomoa pale mpakani na kuiviringisha kwenye karatasi, nikaweka laini ya Tanzania ili nisikatwe sana.

Nikaamua kupiga simu. Namba iliyoandikwa nyuma ya kadi ilikuwa ile fupi ya tarakimu nne, ambayo ukiwa nje ya nchi haiendi kokote. Namba ndefu sikuwa nayo. Jumapili ikapita hivyo. Jumatatu asubuhi wifi yangu akaenda tawini Kigali, akanitumia namba ndefu, nikapiga, nikaulizwa maswali matatu, na ndani ya dakika kumi kadi ikafunguliwa. Nililipia mzigo saa sita mchana.

Lori lililofuata liliondoka Jumatano. Mzigo ulipofika Kigali shule zilikuwa zimekwisha funguliwa. Tuliuza kwa bei ya kutupa. Ili mtaji wa akina mama urudi kamili, nililipa faranga 240,000 kutoka mfukoni mwangu, sawa na 20,000 kwa kila mmoja. Faida haikuwepo. Mwenyekiti wetu, bibi aliyerejea kutoka Uganda mwaka 1995, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, pesa zetu zilikuwa mikononi mwako, au mikononi mwa hizo kadi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikae chini na kujifunza.

Zilivyoingia mfukoni

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika nne, na zote zikaniponyoka siku moja. Lakini sikuzitafuta kwa ulafi. Wengi wetu tunaoishi maisha ya huku na kule, kadi hutujia moja moja, kila moja na sababu yake.

Mimi nilirudi Rwanda Agosti 2013, pamoja na maelfu ya wenzangu tulioondolewa mkoani Kagera. Nilivuka na begi, blanketi mbili na kitabu cha benki. Ndani ya akaunti ile, iliyofunguliwa Karagwe, kulikuwa na Sh 380,000 za mauzo ya kahawa. Benki ile haikuwa na tawi hapa, na kitabu hakitoi fedha ng'ambo ya mto. Kwa miaka miwili nilikuwa tajiri wa karatasi.

Mwaka 2015 nilirudi Karagwe kuifuatilia. Kikwazo kilikuwa jina. Kule nilijulikana kwa jina la ubatizo na la baba, kama ilivyo desturi ya kule. Kwenye indangamuntu yangu ya Rwanda jina la Kinyarwanda linatangulia, na la baba halipo. Karani akaona watu wawili tofauti. Ilinibidi niape mbele ya wakili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, ndipo nikapewa kadi. Siku nilipoichomeka kwenye mashine hapa Kigali ikatoa faranga kutoka kwenye shilingi zangu za kahawa, nilisimama pale nikacheka peke yangu.

Kadi nyingine ilikuja nilipofungua akaunti hapa Kigali. Iliyofuata ilitokana na mkopo: benki iliyotukopesha ilitaka kila mkopaji awe na akaunti kwao. Ile ya dola niliinunua kwa ushauri wa mwenzangu aliyekuwa anakwenda Dubai. Sikuwahi kukaa na kujiuliza: hizi nne zinasaidianaje? Kwangu wingi wake ulikuwa ndio usalama wenyewe.

Nne zilivyoanguka

Baadaye nilipochunguza, niligundua kila kadi ilianguka kwa sababu yake, na hakuna hata moja iliyokuwa bahati mbaya.

Ya kwanza iliangushwa na simu. Siku hizi kadi na laini ya simu ni kama bawaba na mlango. Benki ikitaka kuhakikisha kwamba ni wewe, inatuma ujumbe kwenye namba uliyoandikisha. Ukinunua kitu kwa njia ya intaneti ni hivyo hivyo, unatumiwa namba ya uthibitisho ya kutumia mara moja. Laini ikiwa imezimwa, au imefungwa na kampuni kwa kutotumika muda mrefu, kadi yako ni nusu kadi.

Ya pili iliangushwa na kumbukumbu. Inasimuliwa kuwa John Shepherd-Barron, Mwingereza aliyebuni mashine ya kutolea fedha iliyozinduliwa na Barclays huko Enfield, London, Juni 1967, alitaka namba ya siri iwe na tarakimu sita. Mkewe akamwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu, na nne zikabaki. (Mashine hiyo ya mwanzo ilitumia hundi maalumu, kadi za plastiki zilifuata.) Tarakimu nne kwa kadi moja ni rahisi. Kadi nne ni tarakimu 16, na mtu mwenye haraka, jua la Dar es Salaam linamchoma, huzichanganya. Ukikosea mara tatu benki hudhani wewe ni mwizi. Kadi hufungwa, na mashine nyingine huimeza kabisa.

Ya tatu iliangushwa na kalenda. Tarehe iliyochapwa kwenye kadi ni mwezi na mwaka, na kadi hufanya kazi hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Iliyoandikwa 12/17 ilikufa usiku wa Desemba 31, 2017. Mwenye akaunti nchi jirani ana tatizo zaidi, kwa kuwa kadi mpya huenda inamsubiri kwenye tawi alilofungulia akaunti, siku mbili kwa basi kutoka anapoishi.

Ya nne iliangushwa na hesabu. Nilipiga hesabu kwa bei ya dola niliyoiona dirishani kwenye duka la kubadilishia fedha. Kadi haibadilishi kwa bei ile. Hubadilisha kwa bei ya mtandao wa kadi, kisha benki huongeza asilimia yake kwa muamala wa fedha ya kigeni, na wakati mwingine makato ya kudumu juu yake. Mtu akiwa na salio linalolingana kabisa na bei, hana salio la kutosha.

Makato yanayokula kimya kimya

Hapo ndipo nilipoanza kusoma taarifa za akaunti zangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikakuta kila kadi ina ada yake, iwe ya mwezi au ya mwaka, hata kama haikutumika. Ile ya benki ya mkopo, ambayo mkopo wake nilikwisha maliza, iliendelea kukata kila mwezi mpaka akaunti ikaingia chini ya sifuri. Nilikuwa nadaiwa kwa kutofanya kitu.

Kisha kuna makato ya kutoa fedha nje ya nchi. Ukichomeka kadi ya Kigali kwenye mashine ya Dar es Salaam, anaweza kukukata benki yako, na anaweza kukukata mwenye mashine. Makato hayo mara nyingi ni ya kila utoaji, si ya kiasi. Chukua mfano: tuseme benki yako inakata 10,000 na mwenye mashine 5,000. Unahitaji 600,000. Ukitoa laki laki mara sita, umelipa 90,000. Ukitoa laki tatu mara mbili, umelipa 30,000. Tofauti ni 60,000, nayo ni chakula cha siku kadhaa na chumba cha kulala. Kwa hiyo kabla ya safari uliza benki yako mambo mawili: makato ni kiasi gani, na kiwango cha juu cha kutoa au kulipa kwa siku ni kipi. Kiwango hicho nacho kimewazuia wengi wenye fedha halali kwenye akaunti.

Kuna pia mtego wa mashine yenye adabu. Baadhi ya mashine, zikiona kadi yako ni ya Rwanda, hukuuliza: ulipe kwa shilingi au kwa faranga? Mtu anaona faranga ni fedha yake, anaijua, anabonyeza faranga. Hapo mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na huweka faida yake humo. Jibu ni moja popote ulipo: lipa kwa fedha ya nchi uliyosimama. Tanzania chagua shilingi ya Tanzania, Uganda shilingi ya Uganda.

Na kwa wale wanaozoea kubeba noti za dola kwenda nazo Dar es Salaam, wakumbuke kwamba tangu Machi 28, 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutaja bei au kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Utazibadilisha kwanza benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, au utalipa kwa kadi, ambayo yenyewe hugeuza malipo kuwa shilingi.

Kwa nini isiwe moja tu?

Baada ya hasara ile, kaka yangu alinishauri nitupe zote nibaki na moja. Wengine wataniuliza: kadi za nini wakati kuna simu? Ni kweli, tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, na MTN kuleta huduma kama hiyo hapa Rwanda mwaka 2010, mama wa mboga pale mpakani anaweza kufanya biashara ya mwaka mzima bila kugusa kadi. Mwenye mtaji mdogo simu inamtosha. Lakini simu nayo ina kiwango chake cha siku, nayo ikiibiwa inaondoka na kila kitu.

Kuhusu kubaki na kadi moja, walionijibu ni wenzetu wa Gisenyi. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipouteka mji wa Goma, benki za mji ule zilifunga milango kwa miezi. Rafiki yangu anayeuza maziwa na unga ng'ambo alikuwa ameweka mtaji wake wote kwenye benki moja ya upande ule. Salio lilikuwepo, kadi ilikuwepo, namba ya siri aliikumbuka. Kilichokosekana ni noti. Mwenzake aliyekuwa na akaunti ndogo upande wa huku alinunua bidhaa wiki ile ile.

Kwa hiyo nilijifunza kwamba kadi zaidi ya moja zinafaa, ila ziwe zimeachana kweli. Nne zinazotegemea simu moja, pochi moja na kichwa kimoja kilichochoka, ni sawa na kadi moja.

Utaratibu wangu wa sasa

Leo nina kadi tatu, na kila moja ina kazi yake.

Kadi ya kwanza ni ya mtaji. Hiyo haiingii kwenye pochi. Inakaa kwenye mfuko wa ndani niliouishona mwenyewe kwenye sketi, na inatoka mara moja tu: siku ya kulipia mzigo. Sinunulii nayo chai, wala vocha, wala tiketi.

Kadi ya pili ni ya matumizi. Kila Jumatatu nahamishia humo fedha ya wiki, basi. Hii ndiyo inayokaa kwenye pochi, inayoonekana sokoni, inayochomekwa kwenye mashine za mitaani. Ikiibiwa au ikinakiliwa, mwizi atapata fedha ya mboga na nauli. Zaidi ya hapo, nikitazama taarifa yake mwisho wa mwezi naona waziwazi nimekula kiasi gani. Zamani, matumizi yakiwa yametawanyika kwenye kadi nne, kila kadi ilionyesha nimetumia kidogo, na mimi nilijidanganya hivyo.

Kadi ya tatu ni ya akaunti ya Tanzania, ile ya Karagwe, niliyoihuisha. Naipakia shilingi bei inapokuwa nzuri, na nikiwa kule natoa fedha bila makato ya ugeni.

Ile ya mkopo niliifunga. Na kufunga si kukata kadi kwa mkasi na kuitupa. Akaunti huendelea kuishi na kukata ada. Ulilipe deni lililobaki, uandike barua, upewe karatasi ya kuthibitisha kwamba akaunti imefungwa. Ile ya dola niliitumia ikaisha nikaiacha.

Nyumbani, ndani ya kabati, lipo daftari dogo. Limeandikwa tarehe ya kila kadi kuisha, tarakimu nne za mwisho za kila kadi, na namba ndefu ya simu ya kila benki, inayoanza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi. Nakala ya ukurasa huo anayo wifi yangu. Namba za siri hazimo. Hizo ziko kichwani, kila kadi na yake, na hakuna iliyo mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote.

Kabla ya kuvuka, napiga simu benki kuwaambia ninakwenda nchi gani na nitarudi lini. Laini ya Rwanda haizimwi tena. Nina simu ndogo ya batani kwa ajili yake, na kazi yake ni kupokea ujumbe tu.

Mashine ikikata fedha kwenye akaunti lakini isitoe noti, jambo linalotokea, sirudii pale pale kwa hasira. Natunza kikaratasi, naandika saa na mahali, na kuripoti benki yangu siku ile ile. Mara nyingi fedha hurudi baada ya siku kadhaa, lakini asiye na kikaratasi huwa na maneno mengi na ushahidi mdogo. Na mkumbuke: saa ya Kigali iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, hivyo usijichoshe kupiga simu tawini mapema mno.

Wazee wetu na namba ya siri

Kuna jambo moja linanisikitisha zaidi ya lile la Kariakoo. Wengi wa wazee waliorudi nyumbani walipewa kadi bila kuelezwa. Nimemwona mzee akimpa mlinzi wa benki kadi na kumtamkia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Nimemjua mama aliyeandika namba hiyo kwa kalamu nyuma ya kadi yenyewe, eti asisahau.

Wazee hawa si wajinga. Wametunza fedha kwenye vibuyu, kwenye pindo za kanga na chini ya magodoro kwa miaka ya ukimbizi. Tatizo ni kwamba hawakuambiwa kuwa mwenye namba ndiye mwenye fedha. Kijana mwenye mzazi wa namna hiyo akae naye jioni moja, amwonyeshe. Na kama mzee hawezi kabisa kwenda mashineni, ni heri achukue fedha dirishani kwa kitambulisho chake kuliko kadi izunguke mikononi mwa majirani.

Fedha za watu

Mwaka ule ule wa 2018 ikimina yetu ilifungua akaunti yake. Kutoa fedha kunahitaji sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya mtunza hazina. Anayetumwa safari hapewi tena mtaji wote kwenye kadi yake. Anapewa nauli na matumizi, na mzigo ukishapatikana kikundi kinamlipa muuzaji moja kwa moja benki kwa benki. Inachukua siku moja zaidi. Hakuna aliyelalamika.

Yule mwenye duka wa Mtaa wa Kongo bado ni mfanyabiashara mwenzangu. Nikiingia dukani kwake hunitania, "Karibu dada, leo umekuja na plastiki ngapi?" Nami humjibu, "Tatu, kaka, na zote ziko hai."

Kwa hiyo, wewe unayesafiri wiki hii, usiku wa leo toa kadi zako zote uzipange juu ya meza. Shika moja moja. Jiulize: kazi yake nini, inaisha lini, benki nitaipataje nikiwa nje, na laini yake ya simu iko wapi? Ile utakayoishika ukakosa la kujibu, shughulika nayo kesho asubuhi, kabla hujafika darajani Rusumo. Ukikumbukia Kariakoo, utakuwa umechelewa.